Mwarabu Asiye na Jina: Kisa cha Wimbo wa Kwanza wa The Cure

Mtu anayetaka kuufasiri kwa Kiswahili wimbo wa kwanza ambao bendi ya roki ya The Cure iliutoa sokoni hukwama kwenye kichwa chake kabla hajaufikia ubeti wa kwanza. Wimbo unaitwa “Killing an Arab”, maneno matatu tu, na mfasiri anazo njia mbili mbele yake. Akiandika “Kuua Mwarabu”, maneno hayo yatasikika kama jina la kazi au la desturi, jambo ambalo yeyote anaweza kumfanyia Mwarabu yeyote, kama tunavyosema kuua nyoka au kuchinja kuku. Akiandika “Kumuua Mwarabu”, kiambishi kile kidogo cha -mu- kitamleta mbele ya msomaji mtu mmoja mahususi, naye msomaji ataanza kuuliza: Mwarabu gani, ameuawa na nani, wapi, kwa kosa gani? Kiingereza hakimlazimishi mwandishi kuchagua kati ya njia hizo mbili, na mtunzi wa wimbo huu, kijana ambaye hata miaka 20 alikuwa hajaitimiza, hakuchagua. Sehemu kubwa ya ugomvi ulioufuata wimbo huo kwa zaidi ya miaka 40 imetokana na pengo hilo.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kwa nini maneno hayo yanachoma. Kwetu Mwarabu ni jirani, ni mwenye duka, ni mjomba wa upande wa mama. Na Unguja wapo wazee wanaoikumbuka Januari 1964, wakati watu walipouawa kwa sababu tu ya kuitwa kwa jina hilo. Mzazi anayekiona kichwa cha wimbo huo kwenye simu ya mwanawe ana haki ya kushtuka. Hata hivyo, maelezo ambayo The Cure wameyatoa tangu mwanzo, kwamba wimbo unatoka katika riwaya na haukutungwa kumchukia mtu, ni ya kweli. Na wale waliolalamika huko Marekani miaka minane baada ya kutoka kwake nao walikuwa na haki. Linalohitaji kufumbuliwa ni namna mambo hayo mawili yalivyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Kisa kinaanzia mbali na studio za London, katika Algeria iliyokuwa chini ya Wafaransa. Albert Camus alizaliwa huko mwaka 1913 katika familia ya walowezi maskini. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1914, mtoto akiwa hajatimiza hata mwaka, na mama yake, ambaye hakuwa akisikia vizuri, alifanya kazi za usafi ili kuwalisha wanawe katika mtaa wa Belcourt mjini Algiers. Mwaka 1942, Paris ikiwa imekaliwa na Wajerumani, Camus alichapisha huko riwaya fupi iitwayo L’Étranger. Jina lenyewe liliwagawa wafasiri. Mwaka 1946 riwaya hiyo ilitoka Uingereza kwa jina la The Outsider, yaani mtu aliye nje ya kundi, na Marekani kwa jina la The Stranger, yaani mtu asiyejulikana. Kiswahili kingetupa neno moja, mgeni, na neno hilo lingeleta mzigo wake, kwa kuwa mgeni kwetu ni yule asiyejulikana lakini pia ni yule anayetandikiwa mkeka na kuletewa maji ya kunawa. Mgeni hasimami bila mwenyeji. Kwa hiyo riwaya iitwayo “Mgeni” ingemlazimisha msomaji aulize swali ambalo matoleo ya Kiingereza yanalipita kimya: katika Algeria ya walowezi, mgeni alikuwa nani na mwenyeji nani?

Msimuliaji wa riwaya ni Meursault, karani wa ofisi mjini Algiers. Mama yake anafariki katika nyumba ya wazee. Anakwenda kumzika, halii, anavuta sigara na kunywa kahawa ya maziwa karibu na jeneza, na kesho yake anakwenda kuogelea, anampata msichana, kisha wanakwenda pamoja kutazama filamu ya kuchekesha. Jirani yake, Raymond Sintès, ana mpenzi Mwarabu anayemshuku kuwa si mwaminifu. Meursault anakubali kumwandikia jirani huyo barua ya kumvuta yule mwanamke arudi, Raymond anampiga, na Meursault anakwenda polisi kumtolea ushahidi Raymond. Tangu hapo kaka wa mwanamke, akiwa na wenzake, anaanza kuwafuatilia. Jumapili moja wanakutana ufukweni, kunatokea mapigano, Raymond anachanjwa kwa kisu. Meursault anaichukua bastola ya Raymond ili asije akaitumia vibaya, na hapo ndipo anapofikiri kwamba mtu anaweza kufyatua au asifyatue. Baadaye kidogo anajiambia kwamba kubaki au kuondoka ni mamoja. Anarudi ufukweni peke yake. Yule kaka amelala kivulini kwenye mwamba, kando ya chemchemi. Jua linamwaka Meursault usoni, kisu kinachomolewa, mwanga unametameta kwenye chuma, na anafyatua risasi moja. Kisha, baada ya kutua, anafyatua nyingine nne kwenye mwili usiosogea.

Zile risasi nne za nyongeza ndizo fumbo la kitabu kizima. Mahakamani anapoulizwa sababu, anasema ni kwa ajili ya jua, na watu wanacheka. Mwendesha mashtaka anashughulika zaidi na kahawa ya maziwa na macho makavu ya siku ya maziko kuliko na maiti ya ufukweni, na Meursault anahukumiwa kukatwa kichwa kana kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kutomlilia mama yake. Wasomi wanaoifahamu Algeria ya wakati ule wamesema, na nadhani wamesema kweli, kwamba Mfaransa aliyemuua Mwarabu aliyeshika kisu hangepelekwa kunyongwa na mahakama ya kikoloni. Camus alihitaji kesi hiyo ili aonyeshe upuuzi wa jamii inayomhukumu mtu kwa kutojua kuigiza huzuni, na ili aipate, alimhitaji mtu wa kuuawa. Mtu huyo hana jina. Hana jina anapotajwa mara ya kwanza, hana jina anapokufa, wala mahakamani, mahali ambapo kwa kawaida jina la marehemu ndilo husomwa kwanza, hapewi.

Robert Smith, mwimbaji wa The Cure na mtunzi wa wimbo huo, alikutana na kitabu hicho akiwa mwanafunzi katika mji wa Crawley, kusini mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick. Ni mji uliojengwa upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wenye nyumba zinazofanana na Jumapili ndefu, na si ajabu kijana aliyechoshwa nao akamwelewa mtu asiyejali chochote. Mwaka 1977 yeye na wenzake, wakijiita Easy Cure, walishinda shindano la kusaka vipaji lililoendeshwa na Hansa, kampuni ya Kijerumani ile ile iliyokuwa ikitoa santuri za Boney M., kundi ambalo wasomaji wa umri fulani hawajalisahau hadi leo. Kampuni ilitaka vijana wenye sura za kuvutia wa kuimba nyimbo za watu wengine. Vijana wakaleta za kwao, “Killing an Arab” ukiwemo, na kampuni ikazikataa. Mwaka 1978 pande hizo mbili ziliachana, na bendi ikabaki na nyimbo zake.

Kufikia mwishoni mwa mwaka huo walikuwa watatu: Smith akiimba na kupiga gitaa, Michael Dempsey kwenye besi na Lol Tolhurst kwenye ngoma. Kanda yao ilimfikia Chris Parry, mtu wa New Zealand aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Polydor na ambaye ndiye aliyeisajili bendi ya The Jam. Parry alianzisha lebo yake mwenyewe, Fiction, na The Cure wakaingia humo. Wimbo ulirekodiwa London, katika Morgan Studios, mnamo Septemba 1978. Kwa kuwa Polydor, waliotarajiwa kuusambaza, wasingeweza kuutoa kabla ya Krismasi, Parry aliupeleka kwa muda kwa Small Wonder, lebo ndogo iliyoendeshwa kutoka katika duka la santuri huko Walthamstow, mashariki mwa London. Desemba 1978 zikatolewa nakala 15,000, na zilipokwisha, Fiction wakautoa tena mwanzoni mwa 1979.

Nimetaja nakala hizo kwa sababu zinaonyesha ukubwa wa baraza ambalo wimbo huu ulitungiwa. Mnunuzi wa santuri ya Small Wonder alikuwa mtu wa magazeti ya muziki na kumbi ndogo, na magazeti hayo yalieleza mapema kwamba hii ni habari ya Camus. Aliyekuwa na shaka angeweza kumsubiri mwimbaji pembeni ya jukwaa na kumuuliza. Maelezo yalitembea sambamba na wimbo, kama mtoto aliyeshikwa mkono, na kichwa kikali kama kile kilifanya kazi ambayo vichwa vya nyimbo za panki, ile roki kali ya vijana wa wakati ule, vilikusudiwa kuifanya: kumsimamisha mpita njia. Hatari ilikuwa siku ambayo wimbo ungekimbia na kumwacha mwenye maelezo nyuma.

Wimbo wenyewe haufiki dakika 2 na nusu. Unaanza kwa gitaa linalopiga mnyororo wa sauti wa kuigiza “mashariki”, ule unaosikika kwenye filamu za jangwani kila ngamia anapotokea. Sikio lililolelewa na taarabu, linalojua udi na kanuni zinavyosemezana, litatambua papo hapo kwamba mwigo huo ni wa karatasi. Ni Uarabu wa mtu asiyewahi kukaa na Waarabu. Hilo si dhambi kubwa kwa kijana wa Crawley, lakini linafaa kukumbukwa, maana hata kabla ya neno la kwanza kuimbwa, Mwarabu wa wimbo huu amekwisha kuwa pambo.

Beti zake ni tatu, na kila mmoja unachukua kipande cha ukurasa mmoja wa Camus. Wa kwanza unamweka msimuliaji ufukweni, bunduki mkononi, macho yakihama kutoka baharini hadi mchangani, kisha kumwelekea mtu aliyelala chini, ambaye kinywa chake ki wazi lakini sauti haitoki. Wa pili ni ule wa kubaki au kuondoka: msimuliaji anaweza kugeuka na kwenda zake, anaweza kufyatua, na vyovyote atakavyochagua thamani yake ni sifuri. Kiitikio kinasema kwamba yeye yu hai, kwamba yeye amekufa, na kwamba yeye ndiye yule mgeni, kisha kinataja kitendo cha kichwa cha wimbo. Neno hilo la mgeni ndilo ufunguo pekee ambao mtunzi aliuacha mlangoni. Kwa bahati mbaya ufunguo wenyewe ulifuata jina la toleo la Kimarekani, The Stranger, wakati Uingereza kitabu kiliuzwa kama The Outsider, kwa hiyo hata msomaji wa Camus wa mjini London alihitaji kufikiri mara mbili kabla mlango haujafunguka.

Ubeti wa tatu ndio unaonishughulisha zaidi. Humo msimuliaji anahisi silaha ikiruka kiganjani, anatazama tena bahari na mchanga, halafu anajiona mwenyewe ndani ya macho ya mtu aliyekufa. Jambo hilo halimo katika riwaya. Meursault wa Camus hayatazami macho ya aliyemuua. Anauona mwili usiosogea, anaongeza risasi, na mawazo yake yanageukia balaa lililomfika yeye. Smith, kwa mstari mmoja, alimfanya muuaji ainame na kukutana na sura yake kwenye uso wa marehemu. Kama kuna mahali ambapo wimbo unampa Mwarabu ubinadamu zaidi kuliko kitabu kilivyompa, ni hapo. Lakini hata hapo macho ya marehemu ni kioo tu: anayeonekana ndani yake ni muuaji.

Uingereza ya mwaka 1979 haikuwa mahali pa kuimba wimbo kama huo bila kuangalia nyuma. National Front, chama kilichotaka weusi na Waasia wafukuzwe nchini, kilikuwa kikiandamana mitaani. Mapigano ya Agosti 1977 kati ya waandamanaji wake na wapinzani wao, huko Lewisham, London, yalikuwa bado mabichi. Wanamuziki na wanaharakati walikuwa wameunda Rock Against Racism, yaani Roki Dhidi ya Ubaguzi wa Rangi, mwaka 1976, baada ya mpiga gitaa maarufu Eric Clapton kutoa jukwaani mjini Birmingham maneno ya kuwakashifu wahamiaji, na Aprili 1978 umati mkubwa ulikusanyika Victoria Park, London, katika tamasha la kupinga chuki hiyo. Kwa hiyo kila bendi ilitazamwa iko upande upi. Wafuasi wa National Front walipoanza kujitokeza kwenye baadhi ya maonyesho ya The Cure, wakidhani wamepata wimbo wao, bendi ilijikuta ikilazimika kufafanua riwaya ya Kifaransa mbele ya watu waliokuja kupigana. Ikafafanua, na kwa sehemu kubwa ikasikika, kwa sababu wasikilizaji walikuwa wachache na mtunzi alikuwepo. Albamu ya kwanza, Three Imaginary Boys, ilitoka Mei 1979 bila wimbo huo, ingawa toleo lililotengenezwa kwa ajili ya Marekani mwaka uliofuata, Boys Don’t Cry, liliubeba.

Mambo yalibadilika mwaka 1986. The Cure walikuwa sasa bendi kubwa, na wakatoa mkusanyo wa nyimbo zao uliopangwa kwa mfuatano wa miaka. Jina la mkusanyo, Standing on a Beach, lilichukuliwa kutoka katika maneno ya kwanza kabisa ya “Killing an Arab”, na wimbo huo, kwa kuwa ndio uliotangulia kutoka, ukawekwa mwanzo wa upande wa kwanza. Mkusanyo huo uliuzwa Marekani kwa zaidi ya nakala milioni 2. Maana yake ni kwamba mamia kwa maelfu ya vijana ambao hawajawahi kumsikia Camus, na ambao wasingepata nafasi ya kumsubiri Smith pembeni ya jukwaa, walifungua kasha, wakaweka santuri, na jambo la kwanza walilolisikia likawa hilo.

Na Marekani ya mwaka huo ilikuwa ya namna yake. Aprili 1986 ndege za Marekani zilikuwa zimeipiga Libya mabomu, Tripoli na Benghazi. Miezi michache kabla yake, Oktoba 1985, meli ya Achille Lauro ilitekwa na wapiganaji wa Kipalestina na abiria mmoja Mmarekani akauawa. Alex Odeh, mkurugenzi wa kanda ya magharibi wa ADC, jumuiya ya Wamarekani wenye asili ya Kiarabu iliyoanzishwa mwaka 1980 na seneta wa zamani James Abourezk ili kupinga ubaguzi, alihojiwa kwenye televisheni kuhusu utekaji huo. Asubuhi iliyofuata, tarehe 11 Oktoba, alifungua mlango wa ofisi yake mjini Santa Ana, California, na bomu lililotegwa hapo likamuua. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yake.

Ni ADC hii hii iliyolalamika kuhusu wimbo. Wanaosimulia kisa hiki mara nyingi huwachora walalamikaji kama watu wasiosoma vitabu, walioona kichwa wakakasirika. Mimi siwezi kuwachora hivyo nikikumbuka mlango wa Santa Ana. Jumuiya iliyokuwa imemzika mtu wake mwaka mmoja kabla ilikuwa ikipokea habari kwamba wapo watangazaji wa redio wanaoutambulisha wimbo kwa maneno ya kuwabeza Waarabu, wakiutumia kama kiburudisho cha siku za mabomu. Kuwaambia watu hao kwamba wakasome riwaya ya mwaka 1942 kungekuwa jibu la haki kwa kitabu, lakini lisilowafaa kitu wao.

Mazungumzo kati ya ADC na upande wa bendi, pamoja na Elektra waliokuwa wakiisambaza albamu hiyo Marekani, yalizaa mapatano mwanzoni mwa 1987. Albamu iliendelea kuuzwa, wimbo ukabaki ndani yake, ila juu ya kasha kikawekwa kibandiko. Kilieleza kwamba wimbo hauna hata chembe ya ubaguzi wa rangi, kwamba unalaani chuki yoyote na ukatili unaotokana nayo, na kwamba The Cure wanashutumu kuutumia kwa kuchochea uhasama dhidi ya Waarabu. Smith aliziomba pia stesheni za redio ziache kuupiga. Si jambo dogo kwa msanii kuomba wimbo wake usipigwe.

Kibandiko kilikuwa na nia njema, lakini sentensi yake ya kati haikuwa sahihi. Wimbo haulaani kitu. Ukitafuta ndani yake neno moja la kulaani, hulipati, kwa sababu nguvu yake yote, kama ya ukurasa uliouzaa, ni ule ubaridi wa mtu anayeua bila kuona tofauti kati ya kuua na kuacha. Mtunzi mwenyewe, alipojieleza baadaye, alisema jambo dogo na la kuaminika zaidi: kwamba alijaribu kufupisha kwa ushairi namna nyakati kuu za riwaya zilivyomgusa, na kwamba kama angeweza kurudi nyuma, angekibadili kichwa. Tofauti kati ya kibandiko na maelezo hayo ni ya msingi. Kibandiko kilitaka kuugeuza wimbo uwe mahubiri ili uokoke. Ulichohitaji wimbo ni mtu wa kukiri kwamba usimulizi wa mauaji kwa kinywa cha muuaji, ukiondolewa jina la muuaji na jina la kitabu, hubaki kama sauti iliyo tayari kuazimwa na yeyote. Vita vya Ghuba vya 1991, na tena yaliyofuata Septemba 2001, vilithibitisha kwamba waazimaji hawakukosekana.

Hapa ndipo tunapolazimika kurudi kwa Camus, kwa sababu utetezi wa “ni riwaya tu” unadhani riwaya yenyewe haina la kujibu. Wapo waliolikana hilo zamani. Conor Cruise O’Brien, mwandishi wa Ireland, aliandika mwaka 1970 kwamba Waarabu wa Camus ni vivuli katika nchi yao wenyewe. Edward Said, msomi wa Kipalestina, alilirudia shtaka hilo kwa ukali zaidi mwaka 1993. Ni haki kumkumbuka pia Camus mwanahabari, ambaye mwaka 1939 alikwenda Kabylia na kuandika makala za kuumiza kuhusu njaa ya wenyeji chini ya utawala wa Wafaransa. Mtu huyo hakuwa kipofu. Lakini alipokaa kuandika riwaya, mwenyeji wa nchi aliingia humo bila jina, akalala kivulini, akafa, na mazungumzo yakaendelea kuhusu mgeni.

Jibu lililochelewa kuliko yote lilitoka Algeria kwenyewe. Mwaka 2013 Kamel Daoud, mwandishi wa habari wa Oran, alichapisha Algiers riwaya iitwayo Meursault, contre-enquête, ambayo miaka miwili baadaye ilipewa nchini Ufaransa tuzo ya Goncourt ya riwaya ya kwanza. Msimuliaji wake ni mzee Haroun, anayezungumza ndani ya baa, naye ni mdogo wa yule aliyeuawa ufukweni. Camus alianza kwa kusema kwamba mama amefariki leo. Haroun anaanza kwa kusema kwamba mama yake yungali hai. Malalamiko yake makubwa hayahusu hata risasi. Yanahusu jina. Kaka yake aliitwa Musa, anasema, na anashindwa kuelewa ilikuwaje muuaji akapata umaarufu wa dunia nzima huku marehemu akikosa hata neno moja la kuitwa kwalo.

Ukiisoma riwaya hiyo kisha ukarudi kwenye wimbo, unaona kwamba Smith hakulibuni pengo. Alilirithi kutoka kwa Camus, akalitoa ndani ya kurasa lilikokuwa limefunikwa na maneno mengine, na kulitundika juu mlangoni. Katika kitabu, neno “Mwarabu” linamhusu kaka wa mwanamke aliyepigwa, mwenye kisa, mwenye sababu ya kuwa ufukweni siku ile. Katika wimbo wa dakika 2 na nusu, mwanamke hayupo, barua haipo, Raymond hayupo. Limebaki kabila la marehemu peke yake. Ndiyo maana maelezo ya bendi, ingawa ni ya kweli, hayakuwahi kuumaliza ugomvi: yalimpeleka mlalamikaji kwenye kitabu, naye alipofika huko akalikuta lalamiko lake likimsubiri.

The Cure waliujua uzito huo, na namna walivyouhangaikia inaonekana katika miaka iliyofuata. Mkusanyo wa nyimbo zao bora wa mwaka 2001 uliuacha nje, na toleo jipya la Three Imaginary Boys la mwaka 2004, lililojaa rekodi za zamani za kipindi kile kile, nalo likauacha. Jukwaani Smith alianza kuyachezea maneno. Mwaka 2005 kuua kuligeuka kuwa kubusu. Mwaka uliofuata, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, ukaimbwa “Killing Another”, yaani kumuua mwingine. Mwaka 2011 Mwarabu alibadilishwa kuwa Ahab, yule nahodha wa kuwinda nyangumi katika riwaya ya Herman Melville, na beti zikahamia baharini. Kubusu ni mzaha, na Ahab ni ujanja wa msomaji wa vitabu anayekimbia kutoka riwaya moja kwenda nyingine. Lile la katikati ndilo linalonitatiza. “Mwingine” haliwezi kumkera mtu yeyote, na kwa sababu hiyo hiyo linamwondolea marehemu hata lile neno moja alilokuwa amebakiwa nalo. Kwanza hakuwa na jina. Sasa hana hata watu wake.

Tarehe 7 Julai 2018 bendi iliadhimisha miaka 40 kwa onyesho kubwa katika bustani ya Hyde Park, London. Lilikuwa alasiri la joto kali lisilo la kawaida kwa Waingereza, na Smith, akiwa amevaa nguo zake nyeusi na rangi zake usoni, aliwaambia maelfu waliokuwa mbele yake kwamba mpaka jua litue hawezi kuzungumza sana, kwa kuwa nguvu zake zote zinatumika kujizuia asiyeyuke akawa vumbi. Watu walicheka. Jua lilipozama bendi ilirudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye nyimbo za ujana wao, na wimbo wa mwisho kabisa, taa zikiwa zimewaka na gitaa likianza lile igizo la jangwani, ulikuwa “Killing an Arab”, kwa maneno yake ya mwaka 1978.